Mstatili Mweusi

Katika simu nyingi zinazoshikwa mkononi jijini Nairobi kuna ukurasa mmoja usiokubali kupigwa picha. Ni ukurasa wa programu ya benki, ule unaoonyesha salio na orodha ya miamala, ambao mwenye akaunti huusoma kwa macho yake mwenyewe kadiri apendavyo, akauvuta juu, akaushusha chini. Lakini mara anapobonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na kile cha kupunguza sauti ili aihifadhi picha ya skrini, ambayo wakazi wa jiji huiita skrinishoti, simu humjibu kwamba jambo hilo haliruhusiwi, au humpa picha ambayo katikati yake hamna chochote isipokuwa mstatili mweusi. Saa imo, alama ya betri imo, jina la kampuni ya simu limo. Kilichokosekana ni kile tu alichokuwa akikitazama. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, wala hawakulazimika kuongeza neno juu ya kama mwenye macho huyo anaruhusiwa kumwonyesha mwingine alichokiona. Weusi huo haukutokana na hitilafu ya kifaa wala na uzembe wa fundi. Umeagizwa, na aliyeuagiza si mwenye simu.

Ili weusi huo ueleweke, inafaa kuanzia mbali kidogo, kwenye swali linalofanana na swali la mtoto: dirisha moja linapolifunika jingine kwenye skrini, lile la chini huenda wapi? Dirisha, kwa maana ya fani hii, ni eneo la mstatili ambalo mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia mashine nzima na kugawa rasilimali zake, huiazima programu moja ili ichore humo mambo yake. Wazo la madirisha yanayolaliana lilikuzwa katika miaka ya 1970 na kundi la Alan Kay kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, juu ya kompyuta iliyoitwa Alto, ambayo ilianza kufanya kazi mwaka 1973. Mwishoni mwa mwaka 1979 mhandisi wa Apple, Bill Atkinson, alizuru maabara hiyo kwa muda mfupi, akaondoka akiamini kwamba ameyaona madirisha yaliyofunikwa nusu yakiendelea kuchora sehemu zao zilizobaki wazi bila kuyachafua yale yaliyoyalalia. Akajifungia na tatizo hilo hadi akavumbua hesabu ya kuligawanya umbo la dirisha katika maeneo yanayoonekana na yasiyoonekana. Baadaye ndipo alipojua kwamba watu wa Xerox hawakuwa wamefika huko, na kwamba alichokuwa akihangaika kukiiga hakikuwapo. Historia nzima ya madirisha ya kompyuta, kwa kiasi fulani, imejengwa juu ya kitu ambacho shahidi wa macho alikiona na ambacho hakikuwapo, na si ajabu kwamba tangu hapo madirisha hayo yameendelea kuwasumbua wanaotaka kuyafanya ushahidi.

Jibu la swali la mtoto, katika miaka hiyo, lilikuwa kwamba dirisha la chini haliendi popote, kwa sababu sehemu yake iliyofunikwa haipo tena. Kompyuta ya Macintosh ya Apple iliyotoka mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 kwa kazi zake zote. Picha moja ya skrini yake, yenye vitone 512 kwa upana na 342 kwa urefu, kila kimoja kikiwa cheupe au cheusi tu, ilikula takriban kilobaiti 22, yaani kama sehemu moja ya sita ya kumbukumbu yote. Hapakuwa na ghala la kuhifadhi kisichoonekana. Kilichofunikwa kilifutwa, na dirisha la juu lilipoondolewa mfumo uliitumia programu ya chini ujumbe wenye maana ya kwamba sehemu yako fulani imefunuka, ichore upya. Kwa hiyo kila dirisha liliishi kwa kukumbuka namna ya kujichora, wala halikuwa na picha yake lenyewe mahali popote. Microsoft, ilipotoa Windows ya kwanza Novemba 1985, iliyapanga madirisha bega kwa bega kama vigae, yasilaliane, na ruhusa ya kulaliana ikaja na toleo la pili Desemba 1987.

Wakazi wa Nairobi waliotumia saiba za Moi Avenue na Tom Mboya Street katika miaka ya 2000, vile vyumba vyembamba vya ghorofani ambamo muda wa intaneti uliuzwa kwa dakika, waliiona nadharia hii kwa macho bila kuambiwa jina lake. Kompyuta ilipozidiwa, programu moja ikaganda, na mteja akalishika dirisha dogo la onyo akalivuta juu ya ile iliyoganda, dirisha hilo lilijiacha nyuma kila lilipopita: vivuli vyake mia vikajaa kioo, kona juu ya kona, kama kwamba skrini imepagawa. Sababu ilikuwa nyepesi. Kila hatua dirisha dogo liliposogea, mfumo uliiambia programu ya chini ijichore, nayo haikujibu. Na kwa kuwa hapakuwa na yeyote mwingine aliyejua kilichokuwa chini, masalio ya kilichopita juu yalibaki pale pale. Mhudumu wa saiba alizima mashine na kuiwasha tena, naye mteja akadai aongezewe dakika zake, na mara nyingi wakabishana juu ya dakika hizo kwa muda mrefu kuliko dakika zenyewe.

Anayesimama leo kwenye ghorofa ya juu ya jengo lolote la Westlands akaelekeza macho katikati ya jiji huyaona majengo yakiwa yamelaliana kwa namna ile ile. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973 na ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa alama ya kila postikadi ya Nairobi, huonekana au hufichika kulingana na dirisha analochungulia mtazamaji, kwa sababu minara ya baadaye imesimama mbele yake. Chini, barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo hutoka Mlolongo na kufika Westlands kwa mwendo wa kilomita zipatazo 27, imeilalia sehemu ya Waiyaki Way, hata aliye juu yake huzipita matatu za Kangemi na Uthiru bila kuziona. Hakuna anayedhani kwamba matatu hizo zimekoma kuwapo. Lakini jiji lililoendeshwa kwa kanuni ya madirisha ya zamani lingekuwa jiji ambamo kila jengo linapozibwa na jingine hubomolewa papo hapo, na wenyewe wakaitwa kuja kulijenga upya kila mara mtazamaji anapopiga hatua moja kando. Kwamba kompyuta zilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa kasi iliyowafanya watu wasitambue, ni jambo la kustahi kuliko la kucheka.

Mabadiliko yalikuja kumbukumbu ilipokuwa rahisi. Apple iliyaleta kwa wateja wake mwaka 2001, na Microsoft kwa toleo la Vista lililoanza kuuzwa kwa umma mwishoni mwa Januari 2007. Katika utaratibu huu mpya kila programu hupewa karatasi yake kamili ya kuchorea, iliyofichika ndani ya kumbukumbu, na huijaza yote bila kujali kama kuna anayeitazama. Kisha programu moja ya mfumo, inayoweza kuitwa mwunganishaji, hukusanya karatasi hizo zote, huzipanga tabaka juu ya tabaka kuanzia ya nyuma hadi ya mbele, hutia vivuli na uangavu panapostahili, na kuyatuma matokeo kwenye kioo mara 60 hivi kwa sekunde. Simu za Android zilizaliwa mwaka 2008 zikiwa na mwunganishaji wa namna hiyo tangu mwanzo. Karatasi moja ya simu ya kawaida ya leo, yenye vitone 1,080 kwa 2,400, hula megabaiti zipatazo 10, ambazo ni karibu mara 79 ya kumbukumbu yote ya ile Macintosh, na simu hubeba karatasi kadhaa za namna hiyo kwa wakati mmoja: ya mandhari ya nyuma, ya programu, ya baobonye, ya mstari wa saa na betri. Usione vyaelea, vimeundwa. Kinachoonekana kwenye kioo kama ukurasa mmoja mtulivu ni makubaliano ya tabaka nyingi, na makubaliano hayo hufanywa na kuvunjwa na kufanywa tena kabla jicho halijapepesa.

Inafaa kutaja, kama jambo la pembeni, kwamba majuma machache baada ya Vista kuingia madukani, tarehe 6 Machi 2007, kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa ujumbe wa simu. Makao ya Safaricom yako Waiyaki Way, na ni kando ya barabara hiyo hiyo Microsoft ilipofungua mwaka 2022 ofisi za kituo chake cha uhandisi cha Afrika kilichoanzishwa mwaka 2019. Nyumba ya ujumbe na nyumba ya dirisha zimekuwa majirani, na sehemu kubwa ya maisha ya jiji sasa hupita katika nafasi iliyo kati yao, yaani katika ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwa picha ya skrini.

Picha hiyo ya skrini, basi, ni picha ya nini? Zamani jibu lilikuwa wazi kidogo: ilikuwa nakala ya kile kilichokuwa katika kumbukumbu ya kioo wakati huo. Hata hivyo palikuwa na mianya. Kompyuta za wakati wa saiba hazikuwa na nguvu za kuchora filamu ndani ya dirisha kwa njia ya kawaida, kwa hiyo programu ya video ilipaka eneo lake rangi moja iliyochaguliwa, na kadi ya michoro, ambayo ni kifaa kinachotayarisha picha inayokwenda kwenye kioo, ikaamriwa kuiweka filamu mahali popote itakapoikuta rangi hiyo, safarini, baada ya kumbukumbu ya kioo kwisha kusomwa. Aliyekuwa na sidii ya filamu kutoka River Road na akataka kuhifadhi picha ya mwigizaji aliyempenda, alibonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini, akaibandika katika programu ya kuchorea, na hapo likatokea ajabu: ikiwa filamu ilikuwa bado inacheza nyuma, na picha aliyoibandika ikaangukia mahali pale pale, mwigizaji alionekana akitembea ndani ya picha. Alipoufunga mchezo wa filamu akabaki na mstatili wa rangi tupu. Kilichonaswa kilikuwa tundu ambalo filamu ilikuwa ikipitia, na tundu hilo, likiwa ndani ya picha, liliendelea kupitisha filamu. Picha isiyosogea kuwa na uhai wa kuazima namna hiyo, na kuupoteza mara mwenye uhai anapoondoka, ni jambo ambalo wanafalsafa wangelifurahia kama lingewafikia mapema.

Leo tundu hilo limezibwa, lakini tatizo limehamia ndani zaidi. Katika simu ya sasa tabaka zinaweza kuunganishwa na kifaa cha kioo chenyewe, njiani kuelekea kwenye mwanga, bila ukurasa uliokamilika kuwahi kuandikwa mahali popote katika kumbukumbu. Hakuna, kwa hiyo, kitu cha kunakili. Mtu anapoomba picha ya skrini, mwunganishaji huambiwa azipange tabaka upya, mara ya pili, kwa ajili ya picha tu. Na tabaka yoyote ambayo mwenye programu aliiwekea alama ya usiri huchorwa nyeusi katika mpango huo wa pili, huku ikiendelea kung'aa kwenye kioo. Picha ya skrini ni utungo mwingine uliotungwa kwa ombi, unaofanana na ule wa kioo kwa sababu watungaji walikusudia ufanane. Ule mwanga wa manjano ambao simu huwasha usiku ili kupumzisha macho haumo katika picha, kwa kuwa hutiwa baada ya tabaka kwisha kuunganishwa. Kishale cha kipanya mara nyingi hakimo. Ufa wa kioo haumo kamwe, jambo linalowafaa sana wanaotangaza simu kuukuu mtandaoni, ambao hutuma picha safi za skrini, wakati mnunuzi akifika Luthuli Avenue hukuta kioo kimepasuka toka kona hadi kona. Muuzaji hakudanganya. Ndani ya simu, kioo hakijapasuka.

Pamoja na hayo yote, jiji limeifanya picha hii kuwa risiti yake. Mwanzoni haikuwa hivyo. Simu ya Ideos ya Huawei, ambayo mwaka 2011 iliwapa wakazi wengi wa Nairobi Android yao ya kwanza, haikuwa na njia ya kawaida ya kupiga picha ya skrini, kwa sababu Android iliiweka njia hiyo katika toleo la nne, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo. Aliyetaka kuthibitisha malipo aliuwasilisha ujumbe wenyewe wa M-Pesa, au aliinua simu yake juu ya meza ya duka na kumwachia muuzaji asome. Sasa mpangaji wa Kawangware humtumia mwenye nyumba skrinishoti ya kodi, wanachama wa chama cha akiba hujaza kundi lao la WhatsApp kwa skrinishoti za michango kila mwisho wa mwezi, na mzazi huipeleka shuleni skrinishoti ya karo. Desturi hii imeenea bila amri ya yeyote, na pengine ndiyo sababu haijahojiwa. Ni wauzaji wa maduka ya katikati ya jiji, walioumizwa na jumbe za kubuni zinazoigiza zile za kweli hadi kwenye msimbo wa herufi na tarakimu kumi, waliojifunza mapema kutoziamini tabaka za watu wengine: mteja anaonyesha skrini yake, muuzaji anaitikia kwa adabu, kisha anasubiri simu yake mwenyewe ilie. Siri ya mtungi aijuaye kata, na muuzaji huyo, ambaye hajawahi kusikia habari za mwunganishaji, ameijua siri yake kwa njia ya hasara.

Katika vitongoji vya magharibi mwa jiji picha ya skrini ina kazi nyingine, iliyo kinyume cha risiti. Kijana wa Kangemi au Kikuyu anayefanya kazi za mtandaoni, kazi ambazo serikali ilizipa jina na mpango wake wa Ajira Digital tangu mwaka 2016, huweza kuwa na mwajiri aliye Chicago au London ambaye hatamwona maishani. Katika mtandao wa Upwork, mikataba ya kulipwa kwa saa husimamiwa na programu inayoichukua picha ya skrini ya mfanyakazi mara moja ndani ya kila kipindi cha dakika kumi, kwa wakati asioweza kuukisia. Anaruhusiwa kuifuta picha asiyoipenda, lakini akiifuta hupoteza malipo ya dakika hizo kumi. Hapa mambo ya tabaka yanageuka kuwa mambo ya mkate. Dirisha la barua ya kibinafsi lililofunguliwa kwa sekunde chache linaweza kuangukia katika picha, na mwenyewe akalazimika kuchagua kati ya siri yake na senti zake. Na lile dirisha la kazi, ambalo kwa utaratibu mpya liko zima chini ya barua hiyo, likiendelea kujichora kwa uaminifu wote, halihesabiki, kwa sababu picha hushuhudia tabaka ya juu peke yake. Macho hayana pazia, husemwa, lakini jicho hili la dakika kumi lina mapazia mengi mno, na haliyajui. Mtu anaweza kufikiri juu ya tafsiri ngumu kwa dakika tisa akiitazama miti ya mtaani, na akanaswa katika ile ya kumi akisoma matokeo ya mpira. Inashangaza kwamba utaratibu wenye upofu mkubwa kiasi hicho umekubaliwa na pande zote mbili kuwa ni haki; labda kwa sababu upande mmoja hauna namna nyingine ya kuona, na upande wa pili hauna namna nyingine ya kulipwa.

Kuna tofauti moja ndogo ya kiufundi ambayo, ikitazamwa kwa utulivu, ina uzito kuliko yote yaliyokwisha kusemwa. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 programu inaweza kuuomba mfumo uliache dirisha lake nje ya picha za skrini, na dirisha hilo likatokea katika picha likiwa jeusi. Mwaka 2020 Windows 10 iliongeza ombi la pili, ambalo kwalo dirisha halitokei jeusi, bali halitokei kabisa: mwunganishaji huliruka na kuchora kilicho chini yake, kana kwamba halikuwapo. Matumizi yake ya heri ni dhahiri. Programu ya mikutano ya video huificha mistari yake ya vitufe ili wanaoshirikishwa skrini, mathalani katika kikao cha mahakama kinachoendeshwa kwa video, waione hati tu, bila takataka za mwendeshaji. Lakini kutokana na ombi hilo la pili ndipo hadhi ya mstatili mweusi inapopanda. Weusi hukiri. Husema kwamba hapa pana kitu, kwamba kitu hicho kimezuiliwa, na kwamba anayetaka kukijua amwulize mwenyewe. Dirisha linalorukwa halisemi lolote, na picha inayobaki ni timilifu, yenye mandhari ya nyuma iliyochorwa vizuri mahali ambapo macho ya mtu yaliona jambo jingine. Benki inayompa mteja wake weusi imemnyima picha, na manung'uniko ya mteja yana msingi, maana salio ni lake na aliyelificha hakumwuliza. Ila haijampa picha ya uongo. Katika jiji ambalo karibu kila ahadi ya fedha huambatana na skrinishoti, mtu anaweza kuona afadhali kidogo katika kitu kinachokataa waziwazi.

Sheria ya Kenya, kwa bahati nzuri, imekuwa na wasiwasi huu kwa lugha yake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, iliongezewa mwaka 2009 kifungu cha 106B, kinachotaka rekodi ya kielektroniki inayoletwa mahakamani iambatane na cheti kinachoitambulisha rekodi hiyo, kinachoeleza namna ilivyotolewa na kinachotaja kifaa kilichoitoa, na kitiwe saini na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Kifungu cha 78A, kilichoongezwa mwaka 2014, kilizikubali jumbe na data za kidijitali kuwa ushahidi, kikaitaka mahakama, inapoupima uzito wake, itazame jinsi rekodi ilivyozalishwa, ilivyotunzwa, na jinsi utimilifu wake ulivyolindwa. Watunzi wa sheria walifikiria mashine, mwenye mashine, na karatasi inayotoka. Mawakili wanaopanda kila asubuhi kwenda kwenye mahakama za Milimani wakiwa na mafaili yenye skrinishoti zilizochapishwa kwa rangi wamejifunza kukijaza cheti hicho kwa maneno yanayofanana: aina ya simu, namba yake, tarehe ya picha, printa iliyotumika. Kwamba kati ya kioo na picha kuna mtungaji wa pili, mwenye orodha ya tabaka alizoagizwa kuzipaka weusi na nyingine alizoagizwa kuziruka, ni jambo ambalo maneno hayo ya kawaida hayaligusi, ingawa sharti la kueleza namna rekodi ilivyotolewa ni pana vya kutosha kulibeba.

Wakazi wenyewe, kama ilivyo desturi yao, hawakusubiri mjadala huo wa kisheria. Aliyenyimwa picha na programu ya benki humwomba aliye karibu simu, akaielekeza kamera yake kwenye kioo cha simu ya kwanza, akapiga. Picha inayopatikana ni mbaya kwa kila kipimo: imepinda, ina mistari ya rangi inayotokana na vitone vya kioo cha simu moja kugongana na vitone vya kamera ya nyingine, ina ufa, ina alama za vidole, ina mwanga wa taa ya dukani na pengine nusu ya uso wa mpigaji ulioakisiwa juu ya salio. Hakuna mwunganishaji aliyeombwa ruhusa, kwa sababu kilichopigwa ni mwanga uliokwisha kutoka. Kwa ushahidi wa kwamba mtu fulani aliyaona maandishi fulani mahali fulani, picha hiyo chafu inaishinda ile safi kwa mbali, ingawa nayo haiwezi kuapa kwamba maandishi yenyewe ni ya kweli, maana hata ukurasa wa kubuni hutoa mwanga. Ikipelekwa Milimani, cheti chake kitalazimika kutaja vifaa viwili na wenye dhamana wawili, na yule wa pili atakuwa mtu ambaye hana habari yoyote juu ya akaunti hiyo, aliyekuwa amesimama tu kwenye foleni akiwa na chaji.